Pumzi ya Msitu na Mgongo wa Bwana Tietz

Fursa ya maisha ilimkuta Ingolf Tietz akiwa uchi wa mnyama, ameketi juu ya taulo, jasho likimchuruzika mpaka kisiginoni. Msishtuke. Katika sauna ya Bad Wulfenrode hakuna mwenye nguo: mwanamume hana, mwanamke hana, meya hana, na mchungaji akija siku ya Jumatatu naye hana. Vazi letu mle ndani ni adabu. Unaingia, unasalimia, unatandika taulo lako, halafu unakazia macho saa ya mchanga iliyopigiliwa ukutani mpaka utoke. Kumtazama mwenzio ni mwiko. Kutamka ulichokiona ni kosa ambalo sijui hata adhabu yake, maana hakuna aliyewahi kulifanya.

Lakini hakuna mwiko wa masikio, na Tietz masikio yake yalikuwa vitendea kazi. Alikuwa amefika mjini kwetu wiki ile ile baada ya kuondoka mji mwingine kwa haraka kidogo, kwa sababu ya magodoro fulani ya sumaku ambayo tusiyazungumzie. Alihitaji biashara mpya. Na biashara mpya ilikuwa imekaa benchi ya juu yake, inalalamika.

"Alhamisi ya wiki ijayo," alisema Gesine Brackmann, yule fundi baiskeli wa karibu na kanisa. "Wanataka kunipasua Alhamisi ya wiki ijayo. Kansa ya titi. Ndogo kama punje ya njegere, wamesema, imewahiwa. Wanakata, halafu mionzi, na labda dawa za mshipani. Nikienda sasa, wamesema, nina kila sababu ya kupona."

"Si habari njema hiyo?" akauliza Mechthild, rafiki yake, mwanamke aliyefanya kazi posta maisha yake yote na bado anaongea kama anagonga mihuri.

"Njema kwa mwenye kisu."

"Na usipokwenda?"

"Usiniulize hivyo, shoga. Mimi naogopa. Mnanijua, naweza kuteremka mlima kwa baiskeli isiyo na breki. Ila kulazwa pale mezani na kuzimwa kama taa, hapana. Naogopa mpaka meno yananicheza."

Tietz akakohoa kidogo. Kilikuwa kikohozi cha heshima, cha mtu anayebisha hodi.

"Samahani mama zangu, sikukusudia kusikiliza," akasema, macho kwenye saa ya mchanga kama adabu inavyotaka. "Ila moyo ukisikia neno kansa, na moyo wenyewe uliwahi kupita njia hiyo..."

"Wewe uliugua?" Gesine akauliza.

"Madaktari walinipa miezi mitatu. Niliwashukuru, nikaenda zangu msituni. Sasa ni miaka kumi na miwili."

Jamani, uongo una madaraja yake. Kuna uongo wa kwenye kahawa, kuna uongo wa mahakamani, na kuna huu wa Tietz, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuugua kitu kikubwa kuliko mafua, na mafua yenyewe alilala nayo wiki nzima akitaka supu.

"Hukupasuliwa?"

"Kisu hakikunigusa. Nilipumua, mama. Pumzi ya Msitu: misonobari ya milimani, mvuke na subira. Kwani kansa ni nini? Ni mwili uliosahau kupumua. Ukiukumbusha, unakumbuka."

"Na hospitali je? Siwezi kufanya vyote viwili?"

Hapo ndipo Tietz alipotakiwa kusema ndiyo, na angalau asingemdhuru mtu. Lakini mgonjwa anayekwenda hospitali huanza kuuliza maswali, na anayeuliza maswali hana faida.

"Siwasemi vibaya madaktari," akasema. "Kila mtu na kazi yake. Ila mwili hauwezi kutumikia mabwana wawili. Ukiita kisu, msitu unafunga mlango."

"Unatibu na magoti?" Mechthild akadakia.

"Magoti ni kazi ya asubuhi moja."

"Na kukosa usingizi?"

"Hapo tatizo ni kukuamsha, mama."

"Na tukija wengi, mnapunguza bei?"

"Kundi lina punguzo lake," akasema Tietz, na mabenchi yote yakasogea. Sisi watu wa Bad Wulfenrode tuna mioyo migumu, lakini hakuna kati yetu anayeweza kusikia maneno punguzo la kundi halafu akaendelea kukaa kimya. Walipotoka kuoga maji baridi walikuwa wamejiandikisha watu watano, wanne kwa magoti na usingizi, na mmoja kwa uhai wake.

Hiyo Pumzi ya Msitu, mkitaka kujua, yalikuwa mafuta ya kuogea yenye harufu ya msonobari, ya dukani, yale ya bei ya chini kabisa rafuni. Tietz aliyamimina kwenye vichupa vya buluu, akavitia vizibo, akavipanga ndani ya makasha chini ya kitanda chake katika nyumba ya wageni.

Gesine ana dada yake mkubwa, Ottilie, na Ottilie alipopata habari alikwenda moja kwa moja kwenye karakana. Mdogo wake alikuwa amepindua baiskeli miguu juu, anakaza spoki.

"Nimeamua," Gesine akasema kabla hajaulizwa.

"Umeamua kufa?"

"Nimeamua kupumua."

"Gesine, akili zako ziko wapi? Tangu lini kansa ikatibiwa kwa harufu ya bafuni?"

"Mama aliingia hospitali kwa miguu yake, akatoka amebebwa. Umesahau?"

"Mama alikwenda hospitali baada ya mwaka mzima wa kujifunga majani ya kabichi kifuani! Walipomfungua hapakuwa na la kufanya tena. Kisu hakikumuua mama, mdogo wangu. Ule mwaka ndio uliomuua."

Gesine akazungusha gurudumu, akaliangalia likizunguka. Alijua kuwa ni kweli. Ila hofu ikishaketi kichwani haimpishi mtu mwingine kiti.

"Wapigie simu hospitali," akasema kwa sauti ya chini. "Waambie Alhamisi siji. Mimi nikiongea nao watanishawishi, na sitaki kushawishiwa."

"Gesine..."

"Dada, nakuomba. Ukinipenda piga simu hiyo."

"Haya," Ottilie akasema. "Nitapiga."

Alitembea mpaka kwake akilia njiani bila kujificha, mfuko wa viazi mkononi, watu wakimpisha. Alikuwa na mdogo mmoja tu duniani. Lakini Ottilie huyu alinadi ng'ombe minadani mpaka alipostaafu, na mnadani alijifunza jambo moja kuhusu viumbe wenye kichwa kigumu: ukimvuta kwa kamba anakita kwato chini. Mfungulie lango, jifanye unaangalia kwingine, naye atapita mwenyewe. Alipofika mlangoni alikuwa amekwisha kufuta machozi, na kesho yake akaenda kujiandikisha Pumzi ya Msitu.

"Hata dada mtu!" Tietz akafurahi moyoni. "Kumbe mji mzima ni wa kuchuma tu."

Ijumaa wakakutana mkahawani, wanawake sita na yeye, mbele ya keki ya tufaha. Tietz alikuwa amevaa shati la kitani na uso wa mtawa. Alitegemea kuona bahasha. Badala yake Mechthild alitoa makaratasi.

"Katiba," akasema.

"Katiba ya nini, mama?"

"Ya chama, Bwana Tietz. Watu sita, lengo moja, fedha ya pamoja. Bila chama, hiyo inaitwa fujo. Kitaitwa Chama cha Marafiki wa Pumzi ya Msitu wa Bad Wulfenrode na Vitongoji Vyake. Ada zitaingia kwenye akaunti ya chama, na wewe utalipwa kwa azimio la mkutano, saini mbili."

"Lakini mama zangu, kati yetu tuna haja gani na..."

"Kuna watu hawana chama," Mechthild akasema, akamtazama juu ya miwani. "Polisi ndio huwashughulikia."

Tietz akameza keki. Neno hilo la polisi lilimpitia kooni vibaya. Halafu akafikiri tena: chama kilichosajiliwa kina muhuri, na tapeli mwenye muhuri ni mheshimiwa. Akatabasamu.

"Tatizo moja," Mechthild akaendelea. "Sheria inataka waanzilishi saba. Tuko sita."

Macho yote yakamgeukia. Na Tietz, mtu aliyeweza kuuza godoro kwa mtu aliyelala juu yake, akachukua kalamu akasaini mwenyewe kama mwanachama wa saba. Hakuna aliyemlazimisha, hilo niliweke wazi.

Ukaja uchaguzi. Mechthild akawa mwenyekiti, Gesine katibu. Walipofika nafasi ya mweka hazina, Ottilie akainuka akasema anakwenda msalani. Kwetu anayekwenda msalani wakati wa uchaguzi hurudi akiwa mweka hazina, kila mtu anajua, na Ottilie alijua kuliko wote. Aliporudi wakampigia makofi.

"Jamani, mmenionea," akasema, akakaa na kukunjua kitabu cha benki.

Malipo ya kwanza yalipangwa kuidhinishwa Ijumaa inayofuata, na tiba ianze siku hiyo hiyo. Kwa hiyo Tietz ikabidi angoje wiki nzima, akilipia chumba kwa fedha yake, akijiliwaza kila siku kule sauna. Na Alhamisi ya Gesine ilikuwa katikati.

Jumatatu walikuwa wote mle ndani, mawe yamemwagiwa maji, mvuke umepanda, macho ya watu kwenye saa ya mchanga. Tietz alikuwa benchi ya chini, na nyuma yake, benchi ya juu, Ottilie.

"Bwana Tietz," Ottilie akaita polepole.

"Naam, mweka hazina wetu."

"Hilo doa jeusi la mgongoni, unalijua?"

Nawaambieni, chumba kizima kilikata pumzi. Si kwa sababu ya doa. Ni kwa sababu mtu alikuwa ametazama, na ametamka. Kwetu unaweza kuingia saunani na mkia, watu watakusalimia na kukupisha mkia wako ukae vizuri. Sasa ikiwa mwanamke mtu mzima kama Ottilie Brackmann amevunja mwiko huo mbele ya watu, basi alichokiona si kidogo.

"Doa gani?" Tietz akauliza.

"Basi, yaishe. Labda ni kivuli. Nisamehe, nimekosa adabu." Akarudisha macho kwenye mchanga.

"Hapana, sema, doa gani?"

"Nimesema ni kivuli, Bwana Tietz."

Tietz alipokwenda kwenye maji baridi akamkuta Mechthild, ambaye alikuwa ameelezwa kila kitu mapema na alikuwa akitetemeka kwa furaha, ingawa maji yalisingiziwa.

"Si kawaida yangu kusema," Mechthild akanong'ona. "Ila kingo zake zilikuwa hivyo wiki iliyopita?"

"Kingo za nini?"

"Basi, baba. Mungu yupo."

Na huko varandani palikuwa na mzee mmoja, yule anayeunda meli ndogo za kuchezea nyumbani kwake, asiyehusika na njama yoyote. Yeye alisikia tu habari za doa, akatazama, na kwa kuwa hakuona vizuri bila miwani alidhani ni kubwa zaidi. Akampiga Tietz begani. "Pole sana, kijana," akasema, akaondoka bila kugeuka. Huyo ndiye aliyemmaliza.

Chumbani kwake Tietz alijipiga picha ya mgongo kwa simu, shingo imepinda mpaka ikalia. Ni kweli, kilikuwapo kidoa cha rangi ya kahawia. Akauliza simu hiyo hiyo maana yake nini. Simu haina huruma. Ilimpa maana zote, kuanzia ile ndogo, na Tietz, kama sote tunavyofanya, akaisoma ile kubwa mara nyingi kuliko nyingine.

Mji wetu una daktari mmoja wa ngozi, Daktari Aysel Demirci, na kila asubuhi huwa na saa moja ya kupokea watu wasio na miadi. Jumanne asubuhi Ottilie alimwambia mdogo wake kuwa ana chunjua kidoleni na anaogopa kwenda peke yake.

"Wewe? Chunjua?" Gesine akacheka. "Na mimi ndiye mwoga wa familia!"

Lakini alikwenda. Wakaketi kona ya ndani, nyuma ya makoti yaliyotundikwa, Gesine akafungua gazeti la mapishi. Ottilie akaukazia macho mlango. Lango alikuwa amelifungua, na alichobaki nacho ni kuomba.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Tietz aliingia bila kusalimia wagonjwa waliokaa, jambo ambalo kwetu hafanyi hata mwenye mguu uliovunjika, akaenda moja kwa moja mapokezi.

"Dada, nina kansa."

"Nani amekuambia?" akauliza dada wa mapokezi bila kuinua kichwa.

"Watu! Sauna nzima!"

"Nafasi ya karibu ya miadi ni mwezi wa tatu."

"Wa tatu! Hii ni Oktoba! Dada'ngu, ugonjwa huu ni wa kuwahi! Leo ni kidogo, kesho kimeshatembea! Kila siku unayochelewa unakitengenezea njia!"

Gazeti la mapishi likaacha kutikisika.

"Basi kaa na wenzako wasio na miadi, utaitwa," dada akasema. "Umejaribu chochote nyumbani?"

"Kama nini?"

"Watu hujaribu vitu. Mafuta, chai, mvuke."

"Mvuke!" Tietz akapiga meza. "Unaniona mjinga? Hii ni kansa, siyo mafua! Nataka daktari, daktari aliyesomea, mwenye kisu! Nikatwe leo, hata bila ganzi, nitalipa mwenyewe!"

Daktari Demirci alifungua mlango kuona nani anayenadi hivyo, akamvuta ndani ili wengine wapate amani. Kwenye kona Gesine alikuwa bado ameinua gazeti usoni. Ottilie hakuthubutu kumgusa. Alisikia tu mdogo wake anavuta pumzi kwa pua, ndefu, kama alivyokuwa akifanya utotoni kabla ya kuruka ziwani.

Haikuchukua muda. Tietz akatoka shati halijafungwa vifungo, uso unawaka.

"Alama ya uzee!" alimwambia dada wa mapokezi, akamshika mikono yote miwili. "Ni alama ya uzee tu!"

"Kila mtu huzipata akifika umri wako," akasema daktari nyuma yake.

"Umri gani? Mimi ni..." Akageuka. Gesine alikuwa amesimama.

"Bi Gesine! Mimi hapa nilikuwa nafanya kama utafiti, kulinganisha tiba zetu na..."

"Bwana Tietz, nina swali moja. Vile vichupa vyako viko wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Jana, ulipodhani unakufa, ulifungua hata kimoja?"

Ulimi wa Tietz ulikuwa umejibu polisi, ulikuwa umejibu hakimu, na ulikuwa umejibu wake wawili kwa siku moja. Haukuwahi kukosa neno. Alifungua kinywa kuuachia ufanye kazi yake, na wakati huo akamtazama yule mwanamke: mikono yenye grisi isiyotoka kucha, macho makavu, anangoja. Akakumbuka usiku ule mmoja aliokuwa nao yeye mwenyewe, na kwamba huyu alikuwa na wiki nzima ya namna hiyo. Aibu ikampanda, aibu ya kweli, hakuijua hata alipoiona.

"Hapana," akasema. "Hata sikuvikumbuka."

"Ahsante," Gesine akasema. "Hilo ndilo neno la kweli pekee nililopata kwako, na limenisaidia."

"Mkuki kwa nguruwe," Ottilie akanong'ona kwenye makoti. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja akamalizia: "Kwa binadamu mchungu."

Daktari Demirci alitazama huyu, akatazama yule, akaelewa nusu, na nusu ilimtosha. "Mama, una uvimbe?" akamuuliza Gesine.

"Titi. Kesho kutwa nilikuwa nipasuliwe. Daktari, sema kweli, mvuke ni upuuzi mtupu?"

"Nani amesema? Mimi mwenyewe sauna naipenda. Wagonjwa wanaotibiwa kansa wengi hunywa chai ya tangawizi kichefuchefu kikiwashika, wengine hukandwa mgongo, wengine huimba kwaya. Wanalala vizuri, wanavumilia dawa, na mimi sina neno. Waulize tu madaktari wako kabla ya kumeza kitu. Lakini uvimbe hauna masikio, mama, hausikii kwaya. Uvimbe unatolewa. Hayo mengine ni ya kukushika mkono unapotolewa."

"Nimeelewa." Gesine akamgeukia dada yake, na sasa sauti ikamvunjika. "Ottilie, nipe simu. Niwaombe nafasi yangu. Pengine wamempa mtu mwingine, Mungu wangu, pengine wameshampa mtu mwingine. Nimefanya nini mimi?"

"Nafasi gani?"

"Ya Alhamisi! Niliyokuambia uifute!"

"Ah, hiyo," Ottilie akasema. "Sikupiga simu yoyote."

Gesine akamkodolea macho. "Uliniambia umepiga!"

"Nilikuambia."

"Ukaniangalia usoni ukaniambia wamesema sawa, wamesikitika!"

"Hilo la kusikitika nililiongeza mwenyewe, nikaona linapendeza."

"Na doa? Ulitazama mtu mgongoni saunani?"

"Nimetazama migongo ya ng'ombe maisha yangu yote, na wake si mzuri kivile."

"Na chunjua?"

Ottilie akaonyesha kidole kisicho na kitu.

"Kumbe nimezungukwa na matapeli watupu!" Gesine akalia kwa sauti, na katikati ya kulia huko akaanza kucheka, akamkumbatia dada yake mpaka makoti yakaanguka. Dada wa mapokezi akaomba wapunguze kelele.

Sasa mtauliza, na Tietz? Alitaka kuondoka kimyakimya siku hiyo hiyo. Lakini anayeondoka kimyakimya hutafutwa, na kwa kuwa saini yake ilikuwa kwenye makaratasi ya Mechthild, jina lake halisi pamoja nayo, ilimbidi ahudhurie mkutano wa dharura wa Jumatano. Ajenda ilikuwa matumizi ya fedha. Wanachama sita walikubali kwamba fedha yote itumike kwa teksi ya Gesine kwenda kwenye mionzi, wigi zuri nywele zikianguka, na keki. Mwanachama wa saba hakupiga kura.

"Basi mimi najiuzulu," akasema.

"Ni haki yako," Mechthild akasema. "Kwa maandishi, baada ya kulipa ada ya mwaka. Kifungu cha nne. Ulikisaini."

Alilipa. Mtu huyu alikuja Bad Wulfenrode kutuchuna, na akapanda treni ya saa sita akiwa ametuachia ada yake, kodi ya chumba, na makasha ya mafuta ya kuogea ambayo mpaka leo tunayatumia. Yana harufu nzuri, tusiwe wachoyo wa fadhila.

Alhamisi asubuhi walimsindikiza wote, hospitali ikadhani ni msiba. Muuguzi alipokuja na kitanda cha magurudumu, Gesine aliyakagua magurudumu kwanza, akasema la kushoto linahitaji mafuta. Halafu akamshika dada yake kiganja.

"Bado naogopa."

"Hata mimi. Naogopa kuliko wewe."

"Nikiamka utaniambia kweli? Si zile za mnadani?"

"Kweli tupu."

"Apa."

"Naapa kwa mama."

Milango ikafungwa. Wale sita, pungufu ya mmoja, wakajaza korido nzima bila kugusa keki, jambo ambalo chama hakijalirudia tena tangu hapo. Mechthild alisema jambo kuhusu magoti yake, akayakanda mwenyewe. Ottilie alisimama dirishani, akakaa, akasimama.

Gesine alipofumbua macho mchana, dada yake alikuwa ameinama juu yake, pua nyekundu, nywele hazijachanwa.

"Sema," akanong'ona, mdomo mkavu.

"Wameitoa yote. Haikuwa imetembea. Mionzi utapata, dawa za mshipani wataamua, lakini wameitoa yote."

"Unanidanganya, Ottilie?"

Ottilie alijaribu kujibu, na yeye aliyekuwa akisikika mnada mzima bila kipaza sauti, sauti ikagoma kutoka. Akaitikia kwa kichwa tu, akilia, akajiona amekosea, akatikisa kichwa kukana, akaitikia tena.

"Basi, basi," Gesine akasema, akampangusa shavu kwa mkono wenye bomba la dawa. "Nimekuamini."